Kilo Tatu za Kabureta

Newala, Jumatano alasiri

Somoe mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa chai bila kitafunwa, na sasa umetoka na mama yako kwenda kuaga kwa shangazi zako. Mimi nimekaa karakanani, moto sijauwasha, na karatasi mbili nimeshazichana. Hii ya tatu sitaichana hata ikitoka vibaya. Nitampa mama yako akupe baada ya chakula.

Mambo ya nauli, ya begi, ya nani atakupokea Dar es Salaam, mama yako ameshayasema na atayasema tena. La kwangu ni moja, la miaka miwili na miezi minne iliyopita, na unalijua kuliko mimi. Nataka ulisome kwa mwandiko wangu ili siku nyingine nisipate pa kulikania.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua baba yangu alipofariki mikorosho yake mia moja na arobaini ilikwenda kwa watoto wa shangazi yangu. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, mtu hurithiwa na watoto wa dada yake, wala hakuna aliyeona ajabu. Mimi niliambiwa, "Wewe una mikono." Maneno hayo yananikera mpaka leo. Nikatoka Lupaso na darasa la saba langu na hiyo mikono, nikaenda Masasi mjini kuokota vyuma chakavu. Mafundi wa sufuria pale walinifukuza nikisimama kuangalia, basi nikawa naangalia kwa nyuma, kwenye ua wa jirani yao. Hakuna aliyenifundisha. Nilichounguza nilikiunguza kwa hasara yangu. Na kabla sijanunua nyundo, nilinunua mizani. Nasema haya si ili unionee huruma. Au labda ndiyo, kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza wa kuyeyusha nilifanya ujanja wa risasi, ile ya kwenye betri za magari. Nilijua mama wa sokoni akinunua sufuria anaipima kwa mkono kwanza, nzito ndiyo nzuri. Nikatia kilo kumi za alumini na kilo mbili za risasi, nikakoroga, ikawa inang'aa kama kitu kimoja. Nikamimina. Sufuria za kwanza nilipozipima, uzito ulikuwa uleule wa siku zote. Nikajiuliza kilo zangu mbili zimekwenda wapi. Zilikuwa kwenye kitako cha chungu cha kuyeyushia. Risasi haikuingia kabisa, hata kwenye moto ilikaa peke yake kama maji chini ya mafuta, ikatoka kwenye sufuria mbili za mwisho, madoa matupu. Nikazifukia.

Nilijisifu sana kwa kugundua lile bila mwalimu. Nikajiwekea sheria kichwani: vitu visivyopatana, vinajitenga vyenyewe, visipojitenga, vimepatana. Sheria hiyo ilinilisha miaka ishirini. Ni nusu ya somo, na mimi niliitembeza kama somo zima.

Sasa Juni ile. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unasubiri kwenda cha tano, uko nyumbani siku nzima na kitabu ulichoazima kwa mwalimu wako. Wakulima walikuwa wameanza kupulizia mikorosho salfa, na zile mashine za zamani za kupulizia zilikuwa zinakatika feni, vipuri vyake haviji tena. Watu walipanda hadi kwangu na feni zilizovunjika kwenye mifuko ya salfa. Nilikuwa nazitengeneza kwa pistoni chakavu za alumini, bila kuchanganya kitu. Tatizo ni kwamba moto wangu wa maganda ya korosho haukutosha, metali ilikuwa inaganda kabla haijafika kwenye ncha za mapanga ya feni. Feni tano nikimimina, mbili zinatoka na ncha zilizokatika.

Siku hiyo nilipima kilo kumi na mbili za pistoni, kisha nikaongeza kilo tatu za kabureta za pikipiki. Kabureta ni zinki, na zinki inayeyuka upesi. Metali ikalegea kama uji, ikaingia kwenye kalibu mpaka nchani. Haikujitenga hata kidogo. Feni kumi na sita, zote nzima! Nakumbuka nilipiga kofi. Wewe ulikuwa unaendesha kipuliza moto, jasho linakutoka, ukaja ukaiweka ya kwanza kwenye mizani.

"Baba, za pistoni zilikuwa gramu mia sita. Hii ni mia sita themanini."

"Nzito ndiyo imara."

"Lakini injini ni ileile na kasi ni ileile. Tuvunje moja tuone ndani."

"Tuvunje mali nzima kwa sababu ya kitabu cha kuazima?"

"Moja tu, Baba."

"Somoe, endesha moto."

Ukaendesha moto. Hayo ndiyo maneno yote, nimeyaandika kama yalivyokuwa, sijapunguza langu wala kuongeza lako.

Feni kumi na nne zilinunuliwa. Siku ya tisa, kule Mkunya, Baba Siwema aliwasha mashine yake alfajiri, akainama kurekebisha mafuta, mkono wa kulia uko karibu na kifuniko. Feni ikapasuka. Kipande kilitoboa kifuniko kikamkata vidole viwili. Hakufa, na watu walikuwa wanalisema hilo kama zawadi.

Tuliitwa kwenye baraza la mwenyekiti wa kijiji. Nilikuchukua unibebee feni nyingine, ya pistoni, ya kumpa mahali pa ile. Nafikiri ulidhani tunakwenda kuomba radhi. Hata mimi njia nzima nilidhani hivyo. Tukafika, umesalimia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo zako kumi na ngapi, umesimama karibu na nguzo na feni mkononi. Mwenyekiti akaniuliza vizuri tu, bila ukali:

"Baba Somoe, feni hii umeiyeyusha wewe mwenyewe?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Nikasema, "Siku hiyo nilikwenda Masasi kufuata vyuma. Aliyeyusha binti. Alichanganya asichokijua."

Ulinitazama kwa muda wa kuhesabu moja mpaka tatu. Nilihesabu. Kisha ukawageukia wao ukasema, "Nisameheni, wazee wangu."

Mama mmoja akasema, "Kosa si lake, kosa la anayempa mtoto wa kike moto." Watu wakacheka, na baraza lote likalegea. Mimi nikasema, "Nimejifunza, Mama." Mwongo mimi.

Miaka hii nimejaribu kujiambia kwamba nilibabaika. Sikubabaika. Nilipiga hesabu palepale, upesi kama ninavyopiga bei ya chuma: upande mmoja wateja kumi na wanne na vijiji vyao nyuma yao, maana fundi akionekana ameharibu kazi, karakana inafungwa, upande wa pili msichana wa miaka kumi na saba, ambaye baada ya mwezi atakwenda shule na watu watasahau. Jibu likatoka. Hesabu ilikuwa sahihi, na hata leo nikiirudia inatoka vilevile. Ndiyo maana naona aibu. Ningekuwa nimekosea, ningeomba radhi ya aliyekosea. Mimi nilichagua.

Siku nne baadaye, badala ya kuninunia kama nilivyostahili, ulikuja hapa karakanani na kipande cha kashata kwenye karatasi na bonge la ugali wa jana.

"Baba, nitolee chumvi kwenye ugali huu."

"Umerukwa na akili?"

"Haya, nitolee karanga kwenye kashata."

Nikatoa karanga moja, nikaila.

"Usile, Baba, ni mfano!"

Ukacheka, na mimi nikacheka, na nilipocheka nilidhani yamekwisha. Ukaniambia pistoni ni kashata. Kuna alumini, na ndani yake vipunje vigumu vya silikoni, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, vimekaa kila kimoja mahali pake. Kwa macho huvioni lakini vipo, havikuwa kitu kimoja na alumini. Huo ni mchanganyiko. Koki ya shaba ya njano ni ugali: zinki imeingia ndani ya shaba kabisa, ukate popote ni kitu kilekile, ingawa ni kigumu. Ukasema kitabu kinauita mmumunyo. Nikabisha kwamba mmumunyo ni wa maji. Ukasema, "Hata kigumu, Baba. Chumvi imetoka kwenye ugali ulipoganda?"

Nikauliza, "Basi zinki kwenye alumini ni ugali au kashata?"

"Ndiyo hiyo yenye taabu. Ikiwa ya moto, alumini inaibeba zinki nyingi. Ikipoa nafasi inapungua. Chembe za metali zinaganda, lakini katikati yake panabaki majimaji yenye zinki nyingi, yanaganda mwisho. Wakati huo feni inasinyaa, inajivuta. Pale penye majimaji panachanika. Nyufa ndogo, Baba, zimo tangu siku ya kumimina. Na kabureta haiji na zinki peke yake, ina takataka zake, nazo zinajibanza hapohapo."

Ukachukua moja ya zile feni mbili zilizobaki, ukaipiga nyundo mara moja. Ikakatika kama muhogo mkavu. Ukanionyesha mstari mweusi ndani, ulikuwa wa zamani kuliko pigo lako.

"Kilo tatu," nikasema.

"Kwenye kumi na tano. Moja ya tano."

Nilingoja useme linalofuata: kwamba ulitaka tuivunje moja kabla. Hukusema. Ulikunja karatasi ya kashata ukaenda kuchota maji. Usifikiri naandika fumbo hapa, mimi si mtu wa mafumbo, naandika habari za feni. Ila nimeishi na ule mstari mweusi kwa muda mrefu, na najua siku uliyoingia.

Feni kumi na tatu zilizobaki kwa watu nilizifuata moja moja. Niliwaambia nimepata muundo bora zaidi, nawabadilishia bure. Walinishukuru! Mzee mmoja wa Lukuledi alinipa kuku. Nilimla yule kuku, Somoe, na wewe ulimla, hukujua ni wa nini. Au ulijua.

Na wewe ukapata jina. Injinia Kabureta. Sijui nani alilianzisha, nadhani vijana wa pale kwenye bomba la maji. "Injinia Kabureta, angalia ndoo yako isilipuke!" "Injinia, leo umekata vidole vya nani?" Ukaacha kwenda kuchota, mama yako akawa anakwenda mwenyewe na goti lake bovu. Alipokuuliza ulisema unasoma. Siku moja mteja alikuja hapa, akaniuliza, "Yupo yule Injinia Kabureta wako?" Mimi nikacheka. Cheko la biashara, lile la kumpendeza mtu. Kisha nikaona miguu yako nyuma ya magunia ya maganda. Haikusogea mpaka yule mtu alipoondoka.

Cheko hilo linaniuma kuliko uongo wa barazani. Barazani niliogopa kitu. Siku ile sikuogopa chochote.

Mama yako hukumwambia, nami sikumwambia, lakini mwanamke aliyelala na mtu miaka ishirini hahitaji kuambiwa. Ilipokuja barua ya chuo, na kozi yenyewe ni ya metali, aliiweka mbele yangu pamoja na sahani.

"Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

Akaisogeza barua karibu yangu.

"Kesho," nikasema.

"Kesho yako hiyo imefika miaka miwili, Baba Somoe."

Halafu pongezi zikaanza. Hapa mjini kila ninapopita, "Baba Somoe, hongera, sasa umetoa injinia wa kweli!" Jina langu la kuzaliwa watu wengi wa hapa hawalijui. Tangu ulipozaliwa naitwa kwa jina lako, na kila mkono niliopewa nilikuwa naupokea kwa jina nililolichafua mwenyewe. Nilipokea mikono kumi na moja. Wa kumi na mbili nilishindwa, nikajifanya nina mafuta viganjani.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mkunya. Nilikuaga kwamba nafuata vyuma, ndiyo, tena vyuma, huo uwe mwisho. Baba Siwema alikuwa uani anamenya muhogo kwa mkono wa kushoto. Amejifunza, anamenya vizuri.

"Karibu, Baba Somoe. Nasikia binti anasafiri."

"Alhamisi."

"Mwambie nilishamsamehe kitambo. Mtoto akikosea anajifunza, si ndiyo anakwenda kusoma?"

Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Newala, yote yakanitoka. Nikasema, "Hana kosa la kusamehewa. Sikwenda Masasi siku ile. Nilipima mimi, nilitia mimi, na yeye alinizuia."

Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akachukua mwingine, akaumaliza na huo. Kisha akasema:

"Kwa hiyo miaka miwili nimemsamehe mtu asiyenikosea."

"Ndiyo."

"Nirudishie msamaha wangu, basi."

Nikataka kupiga magoti. Akanizuia kwa kisu.

"Kaa kwenye kigoda, mzee, usinichekeshe. Vidole nilishavizoea. Kama nitakusamehe wewe sijui, hilo tuliache. Lakini wewe ulisema barazani, mbele ya watu, na mtoto amesimama palepale. Leo unakuja kuninyooshea maneno huku uani, mimi na wewe na kuku?"

Nilitazama kuku.

Somoe, niliposhuka baiskeli nyumbani siku ile ulinipokea kwa maji ya kunawa, ukaniambia "Pole na safari, Baba." Nilitaka kukuambia palepale. Nikanawa.

Sina ushauri mwingi wa kukupa, na ushauri wangu umeona ulivyo. Mawili tu. Ukisikia moyoni kwamba kitu kivunjwe kimoja ili kionekane ndani, kivunje, na anayekuzuia mtazame vizuri, ujue anaogopa nini, hata akiwa mtu anayekulisha. Na lile la kusema "nisameheni" kwa kosa la mwingine, usilirudie. Najua ulifanya kwa kunisitiri. Ulinisitiri vizuri mno, nikapata nafasi ya kuendelea kuwa vile. Silalamiki, nakuambia tu ilivyokwenda, maana huko uendako watakuwepo wakubwa wengine wenye hesabu za haraka kama yangu, na utawaheshimu, na watakuona hapo karibu na nguzo.

Sasa la kesho.

Kesho saa nne asubuhi, kwenye baraza lilelile la Mkunya, wakulima wana kikao cha kufungua msimu wa korosho. Watakuwepo karibu wote waliokuwepo siku ile. Nimemwona mwenyekiti jana, nimemwambia nina neno, amenipa nafasi kabla ya ajenda. Hajui ni neno gani, Baba Siwema ndiye anayejua. Nitalisema. Kuhusu hilo usiwe na wasiwasi, uwepo au usiwepo, nitalisema na nitazitaja kilo.

Lakini basi lako linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri, na lile kosa ulibebeshwa ukiwa umesimama palepale barazani. Nimepiga hesabu, samahani, ndiyo akili niliyonayo: chuo kinapokea mpaka Jumatatu. Ukiondoka Ijumaa badala ya Alhamisi, unafika Ijumaa usiku, na bado una Jumamosi na Jumapili nzima. Kondakta nimemuuliza, anaweza kuhamisha kiti mradi nimwambie kabla basi halijaondoka.

Sikuombi ubaki. Kubaki maana yake ni kusimama tena mbele ya watu walewale na kunisikia nikitamka, na huenda umechoka nao na umechoka na mimi. Ukitaka kuondoka bila kugeuka nyuma, hiyo pia ni haki yako, na sitakuuliza leo wala siku nyingine. Usije kunijibu kwa mdomo, maana nitaanza kujitetea, najijua.

Saa kumi alfajiri nitakuwa nimekaa kibarazani. Ukitoka na begi, nitalichukua, tutakwenda stendi. Ukitoka mikono mitupu, nitakwenda peke yangu mbio kumwambia kondakta kiti ni cha Ijumaa, nirudi tunywe chai, halafu tushike njia ya Mkunya, wewe mbele.

Baba yako